Albamu Mbili za Queen Katika Kaseti Moja

Kijana anayeongoza kwaya ya vijana katika kanisa moja la Nkuhungu, hapa Dodoma, ameniandikia akisema: “Shikamoo mwalimu. Nimezisikiliza sana albamu mbili za bendi ya Queen, A Night at the Opera ya mwaka 1975 na A Day at the Races ya mwaka 1976. Rafiki yangu anashikilia kwamba ya pili ni kivuli tu cha ya kwanza, kwamba walirudia kile walichokwisha kufanya. Mimi naona anakosea, lakini sina maneno ya kumjibu. Je, ipi ni bora, na ipi inaweza kunifundisha zaidi mimi ninayepanga sauti za waimbaji?”

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, na majibu yake hayafanani. Ukipima kwa ujasiri wa kubuni, A Night at the Opera ndiyo kubwa zaidi, na kwa maoni yangu bendi ile haikuwahi kuipita hadi mwisho wa uhai wa mwimbaji wake mkuu, Freddie Mercury. Ukipima kwa kazi ya sauti, yaani namna waimbaji wachache wanavyoweza kupangwa wakawa kwaya inayopumua, mwalimu wako ni A Day at the Races, na mtu anayeiita kivuli ameyatazama majalada kuliko alivyozisikiliza nyimbo.

Rafiki yako simlaumu, kwa sababu bendi yenyewe ndiyo iliyompa sababu. Majina yote mawili yalichukuliwa kwenye filamu za Marx Brothers, wale ndugu wachekeshaji wa Marekani, moja ya mwaka 1935 na nyingine ya mwaka 1937. Jalada la kwanza ni jeupe na la pili ni jeusi, na yote mawili yamebeba nembo ya bendi iliyotokana na mchoro wa Mercury mwenyewe, yenye wanyama na viumbe wa nyota za kuzaliwa za wale wanne: simba wawili wa John Deacon na Roger Taylor, kaa wa Brian May, na visichana viwili vyenye mabawa vya Mercury. Zote mbili zilishika namba moja Uingereza. Mtu akiziona zimelazwa mezani pamoja, ni rahisi kudhani kwamba ni mapacha.

Kosa hilo nililifanya mimi kwanza. Katika miaka ya themanini jamaa yetu mmoja aliyekuwa akienda na kurudi Unguja aliniletea kaseti ya dakika 90 iliyonakiliwa kutoka kwenye santuri. Upande A uliandikwa “Opera” kwa wino wa bluu, upande B “Races”, na kwa kuwa kila upande una dakika 45, albamu ya kwanza yenye dakika 43 na ya pili yenye dakika 44 zilienea kila moja upande wake bila wimbo hata mmoja kukatwa, ukabaki ukimya mfupi kabla ya kitufe kuruka chenyewe. Betri zilikuwa ghali, kwa hiyo sikurudisha kaseti nyuma kwa redio. Nilichomeka kalamu kwenye lile tundu lenye meno na kuizungusha kwa mkono, au nikaigeuza tu na kuendelea na upande wa pili. Hivyo nyimbo 22 zikawa kwangu mzunguko mmoja, nisijali ni wapi kazi moja inaishia na nyingine inaanzia, mpaka nilipopewa kwaya ya kufundisha na kuanza kusikiliza kwa sikio la mtu anayetafuta cha kuazima. Hapo ndipo nilipogundua kwamba upande A ulikuwa unanishangaza lakini haunipi kitu cha kupeleka mazoezini Jumatano jioni, na kwamba kila nilichoweza kukipeleka kilitoka upande B.

Ili kuelewa sababu, inafaa kuanza na hali ya watu wale mwaka 1975. Walikuwa na nyimbo zilizovuma na mifuko mitupu. Walikuwa wameachana na uongozi wao wa zamani kwa ugomvi wa fedha, wakampata meneja mpya, John Reid, aliyekuwa pia akimsimamia Elton John, naye akawaambia waende wakatengeneze albamu bora kadiri ya uwezo wao, mambo ya hesabu wamwachie yeye. Pamoja na mtayarishaji wao Roy Thomas Baker walihama studio hadi studio, zikiwemo Rockfield kule Wales na Sarm mjini London, na ilisemwa wakati ule kwamba hakuna albamu iliyowahi kugharimu fedha nyingi kama ile. Hasira ya ugomvi wameiweka mlangoni kabisa: wimbo wa kwanza, Death on Two Legs, ni laana kwa meneja wa zamani ambaye hatajwi jina. Nakuomba usikie hali hiyo katika albamu nzima, kwa sababu ni kazi ya watu wasiojua kama watapata nafasi nyingine, na kila wazo walilokuwa nalo wakaona ni afadhali walitumie sasa.

Ndiyo maana albamu hiyo imechanganyika kama mnada wa Msalato, ambako hatua kumi zinakutoa penye mbuzi na kukufikisha penye mitumba. Baada ya laana kunakuja wimbo wa dakika moja tu wa kustarehe Jumapili mchana, na sauti ya Mercury humo imekuwa nyembamba kama inatoka redio ya zamani, kwa sababu waliipitisha kwenye hedifoni zilizowekwa ndani ya ndoo ya bati na kuirekodi upya kwa kipaza sauti. Unafuata wimbo wa Taylor kuhusu gari, kisha wa Deacon kuhusu mkewe, ambao alijifunza kinanda cha umeme ili aupige mwenyewe kwa kuwa Mercury hakukipenda kinanda hicho. Katika Seaside Rendezvous, Mercury na Taylor wanaigiza ala za kupuliza kwa midomo yao mitupu, na ile milio ya viatu vya kuchezea dansi ni vidole vilivyovishwa kastabini za fundi cherehani. Katika Good Company, May anaunda bendi nzima ya jazi, tarumbeta na zumari zake zote, kwa gitaa lake peke yake, lile alilolitengeneza na baba yake nyumbani kwa mbao za meko ya zamani. Sweet Lady naupita haraka, maana nadhani hata wao wenyewe waliupita haraka.

Wimbo ninaotaka ukae nao ni The Prophet's Song, wa May, unaozidi dakika nane. Katikati yake ala zote zinanyamaza na anabaki Mercury peke yake, lakini si peke yake: sauti yake inapitishwa kwenye tepu inayomrudishia alichoimba baada ya muda mfupi, kisha tena, naye anaimba juu ya marejeo yake mwenyewe mpaka mtu mmoja anakuwa umati. Wewe umekulia katikati ya vilima vya mawe, bila shaka utotoni umewahi kusimama chini ya jabali ukaita jina lako na jabali likakujibu. Sasa fikiria mtoto mwenye sikio kali kiasi kwamba anajua jibu litarudi saa ngapi, akaita noti ya pili wakati ya kwanza inarudi, zikapatana. Ni ufundi wa hali ya juu, na hata hivyo tazama kinachofanya kazi hapo: ni mashine, pamoja na mtu mmoja anayeijua mashine.

Bohemian Rhapsody, ambao huna haja ya kuelezwa umaarufu wake, ni jambo lilelile lililokuzwa mara mia. Una dakika 5 na sekunde 55, urefu ambao watu wa biashara ya muziki walidhani hakuna redio itakayoukubali, nao ukakaa namba moja Uingereza kwa wiki tisa. Sehemu ya opera peke yake ilichukua kama wiki tatu. Tepu ya wakati ule ilikuwa na njia 24, yaani nafasi 24 za kurekodia sauti mbalimbali kando kwa kando, kwa hiyo Mercury, May na Taylor waliimba sauti moja baada ya nyingine, wakazichanganya na kuzihamishia kwenye njia chache ili zilizobaki ziachwe wazi kwa sauti nyingine, wakarudia hivyo mpaka tepu, kama May alivyosimulia baadaye, ikachakaa kiasi cha kupitisha mwanga. Deacon hakuimba. Watu wetu hupenda kumtafuta Farrokh Bulsara, ndilo jina la kuzaliwa la Mercury, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 na kuondoka na familia yake kwenda Uingereza mwaka 1964, katika neno “Bismillah” linalosikika mle. Kila ninapolisikia moyo wangu hushtuka kwa furaha, lakini sikubali kulifanya ushahidi wa jambo lolote. Wimbo ule umeokota majina na maneno kila pembe ya dunia.

Sasa sikiliza kwa makini jinsi kwaya ile inavyoingia na kutoka. Inakatwa kama kwa panga. Inajibu kutoka kulia, inanyamaza, inatokea kushoto ikiwa na watu wengine, na kati ya jibu na jibu hakuna mahali ambapo mwanadamu angevuta pumzi. Imejengwa kwa vipande kama ukuta wa tofali. Kwa sababu hiyo bendi yenyewe haikuweza kuiimba mbele ya watu: sehemu ya opera ilipofika walipiga kanda, wakaondoka jukwaani, kisha wakarudi kwa kishindo pale gitaa linapoingia. Hilo si dhambi, na wala halipunguzi ukuu wa wimbo. Ila kwa kiongozi wa kwaya ndilo jibu la swali lake.

Mwaka uliofuata Baker hakuwepo. A Day at the Races, iliyotoka Desemba 1976, ndiyo albamu ya kwanza ambayo wale wanne waliisimamia wenyewe, wakisaidiwa na fundi wao wa sauti Mike Stone, ambaye hata anasikika akiimba kidogo katika Good Old-Fashioned Lover Boy. Nyimbo ni 10 badala ya 12, na kwa kuwa muda ni uleule na ushee, kila wimbo umepewa nafasi ya kukaa chini. Hakuna mzaha wa dakika moja. Njaa ya mwaka uliotangulia imekwisha, na ninakubali kwamba pamoja na njaa ilipungua ile hatari ya kumshika msikilizaji koo. Kilichokuja mahali pake ni utulivu wa watu wanaosikilizana.

Anza na Somebody to Love. Mercury alimpenda sana mwimbaji wa Marekani Aretha Franklin, na hapa alitaka kwaya ya muziki wa injili kama zile za makanisa ya Wamarekani weusi, yenye mapigo ya sita kwa nane yanayomyumbisha mtu kwenye benchi bila yeye kujua. Waimbaji ni walewale watatu, na mbinu ni ileile ya kurekodi sauti juu ya sauti, lakini kwaya hii ina kazi nyingine kabisa. Inamsikiliza kiongozi. Mercury anapouliza, inamjibu, anapochoka, inambeba, anapokwenda juu, inabaki chini ikishikilia ardhi. Kisha inafika ile sehemu ya katikati ambayo ningekuomba uisikilize mara ishirini: ala zinaachia, zinabaki sauti chache za chini zikirudia ombi moja fupi karibu kwa kunong'ona, halafu kwa kila mzunguko inaongezwa sauti moja juu yake, yanaingia makofi, yanaingia mapigo, mpaka ombi lililoanza kama la mtu mmoja chumbani linakuwa la kijiji kizima. Hakuna ujanja wa mashine katika mpango huo. Unaweza kufanywa na watu wanane katika ukumbi wa parokia usio na umeme. Na bendi ilithibitisha hilo, maana wimbo huu waliuimba jukwaani wenyewe, watatu tu na vipaza sauti vyao, Mercury akiwa kwenye piano, na ulisimama.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla hujalipeleka hilo kwa vijana wako. Sikio la Dodoma limelelewa na nindo na nyimbo nyingine za Wagogo, ambamo sauti huachana kwa nafasi pana, kutoka do hadi fa au do hadi so, na upepo unapita katikati yake. Queen hufanya kinyume: wanazibana do, mi na so mpaka zinakuwa kitu kimoja kinene kama uji mzito. Waimbaji waliozoea nafasi pana, ukiwapa mpangilio huo wa kubanana, hasa sauti ya kati, huanza kuteleza kwenda kwenye noti wanayoijua. Sisemi kwamba kubanana ni bora. Nimesikia wanawake wa muheme wakiimba juu ya ngoma zao kwa namna ambayo hakuna studio ya London ingeweza kuipata. Nasema ujue tofauti ilipo, ili usije ukawaambia vijana wanakosea sauti wakati wanaimba walichorithi.

Baada ya hapo nenda kwenye You Take My Breath Away, wimbo ambao Mercury alikuwa ameuimba peke yake na piano mbele ya umati mkubwa wa Hyde Park, London, Septemba 1976, kabla albamu haijatoka. Katika albamu ameuzungushia kwaya, na kila mtu katika kwaya hiyo ni yeye. Sikiliza vokali. Zote zinafunguka kwa kipimo kimoja, zinafungwa kwa wakati mmoja, na hicho ndicho kinachofanya sauti nyingi zisikike kama pazia moja la hariri. Kwaya zetu hupoteza hapa kuliko mahali pengine popote: noti ziko sahihi, lakini mmoja anaimba “e” ya tabasamu na jirani yake anaimba “e” ya usingizi. Kiswahili kimetujalia vokali tano zilizo wazi, na ni hasara kubwa kuziacha zitawanyike.

Nyimbo nyingine nitazitaja kwa uchache. Tie Your Mother Down ni roki ya nguvu na haina cha kukufundisha katika sauti, ingawa nakushauri uipige unapofagia nyumba. Long Away anauimba May mwenyewe kwa sauti yake laini, na ni mzuri kuliko watu wanavyoukumbuka. White Man unahusu mateso waliyoletewa wenyeji wa Amerika na wageni kutoka Ulaya, na unastahili kusikilizwa na mtu yeyote ambaye babu zake walitawaliwa. Drowse wa Taylor na You and I wa Deacon ni nyimbo za kawaida.

Niwe mwadilifu kwa rafiki yako pia. The Millionaire Waltz unabadilika sehemu kwa sehemu, kutoka piano ya mapigo matatu hadi roki nzito na kurudi, na ni wazi kwamba umepita njia iliyokwisha kufyekwa na Bohemian Rhapsody. Good Old-Fashioned Lover Boy ni ndugu wa damu wa Seaside Rendezvous. Kama angesema kwamba nyimbo hizo mbili zinaegemea albamu ya kwanza, ningekubaliana naye. Aliposema albamu nzima, aliufunika Somebody to Love ambao hauna mfano wake mwaka 1975, na aliufunika pia Teo Torriatte, wimbo wa kufungia, ambao viitikio vyake viwili vinaimbwa kwa Kijapani kuwashukuru mashabiki waliowapokea kule Japani kwa upendo mkubwa. Kiitikio hicho ni rahisi, kinaimbika, na kikundi cha watu kilicholeta sauti zake mwishoni kinasikika kama watu halisi waliosimama chumbani pamoja.

Kwa mazoezi yako nakushauri hivi. Chukua watu watatu kwanza, usichukue kwaya nzima. Usimpe kila mmoja sauti yake. Waimbe wote watatu sauti ya chini kwa pamoja, urekodi kwa simu. Kisha wote watatu sauti ya kati, huku wakiisikia ile ya chini kwenye hedifoni. Kisha ya juu. Programu za simu za kurekodi njia nne zinatosha kabisa. Hii ni njia waliyoipenda wale watatu, na faida yake utaisikia mara moja, kwa kuwa rangi ya kila koo inaingia katika kila sauti na hakuna anayejitokeza kama jino lililopinda. Baada ya wiki mbili watoe hedifoni, wagawe sauti, uwaimbishe mbele yako bila simu. Tofauti utakayoisikia kati ya rekodi na koo tupu ndiyo kazi yako ya miezi sita ijayo.

Na utakapokaa na rafiki yako, mchezeshe A Day at the Races mpaka mwisho kabisa, msizime wimbo unapoonekana umekwisha. Baada ya Teo Torriatte kuna ngazi ya sauti inayopanda, inapanda, bila kufika juu popote. Kisha rudini mwanzo wa albamu, kabla gitaa la Tie Your Mother Down halijaanza, mtaikuta ngazi ileile ikiwangoja. Kwenye kaseti yangu niliigeuza kila mara na kuipoteza, nikaruka kutoka ngazi ile moja kwa moja kwenda kwenye laana ya Death on Two Legs, na ilinichukua miaka kujua kwamba upande B ulikuwa umekusudiwa kurudi kwake wenyewe.